Inkscape, Design Space, Silhouette Studio au CorelDRAW: Wapi pa Kuandalia Faili ya Mashine ya Kukata

Mtu anayenunua mashine ndogo ya kukata karatasi na vinili huuliza mengi kuhusu mashine yenyewe: upana wake, nguvu ya kisu chake, bei ya mikeka yake ya kunata. Akishaifikisha nyumbani ndipo anapogundua kwamba saa nyingi za kazi hazipiti mbele ya mashine bali mbele ya kompyuta. Mashine haioni picha. Inafuata mstari, na mstari ukiwa na kasoro, kisu kitaikata kasoro hiyo kama kinavyolikata ua lililochorwa vizuri. Kwa hiyo swali la programu ipi itumike kuandaa faili lina uzito kuliko linavyoonekana dukani, na ndilo linalowakwamisha wengi wanaotengeneza kadi za mwaliko, stika, maandishi ya fulana na mapambo ya keki.

Programu nne ndizo ninazoulizwa mara kwa mara. Inkscape ni ya bure na haimilikiwi na mtengenezaji yeyote wa mashine. Design Space ni ya Cricut, Silhouette Studio ni ya Silhouette America, na kila moja imefungamana na mashine za kampuni yake. CorelDRAW ni ya kulipia, na maduka mengi ya stika na mabango ya Dar es Salaam na Nairobi yameizoea kwa miaka mingi. Hazikuzaliwa kwa kazi moja, kwa hiyo nitazipima kwa maswali yaleyale bila kuzilazimisha zitoe majibu yanayofanana.

## Vigezo, na kazi moja ya kupimia

Kigezo cha kwanza ni gharama, pamoja na ile isiyoandikwa kwenye bei, yaani bando la intaneti. Cha pili, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni uwezo wa kuchora na kusafisha mstari: kuunganisha herufi, kupunguza nukta (alama ndogo zinazouongoza mstari), na kugeuza picha ya kawaida kuwa mistari ya kukatwa. Cha tatu ni faili inayotoka mwishoni, kwa maana ya kama unaweza kuipeleka kwenye mashine nyingine au kumpa mtu mwingine, au imefungiwa ndani ya programu iliyoizaa. Baada ya hapo nitasema kila programu inamfaa nani.

Ili tusizungumze kwa nadharia tupu, chukua kazi moja ndogo: jina Khadija, kwa fonti ya mwandiko wa mkono, upana wa sentimita 14, likatwe kwenye karatasi ya manila ya kumetameta na kusimamishwa juu ya keki. Kazi hii inaonekana ya dakika tano, lakini ina mitego mitatu. Wa kwanza ni kwamba fonti za mwandiko zimeundwa ili mkia wa herufi moja uingie ndani ya herufi inayofuata. Kwenye skrini rangi ni moja na hakuna anayeona kitu, ilhali kisu kitapita kwenye mpaka wa kila herufi, na badala ya jina moja utabandua vipande saba vilivyokatwa pale vilipopaswa kushikana. Mtego wa pili ni vitone vya herufi i na j. Havijaungana na chochote, kwa hiyo ukibandua jina kwenye mkeka vitone vyote viwili vitabaki nyuma vimenata, na keki itasomeka kwa kubahatisha. Wa tatu ni kwamba maandishi ya fonti bado si mistari. Faili ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, jina litabadilika sura au litapotea kabisa.

Kazi ya stensili ina mtego ulio kinyume cha huo. Neno KARIBU likikatwa ili lipuliziwe rangi ukutani, tundu la A, tundu la R na matundu mawili ya B yatadondoka yote manne, isipokuwa umeacha vijidaraja vyembamba vya kuyashikilia. Hakuna programu kati ya hizi nne itakayokuonya. Jicho ni lako.

## Inkscape

Gharama na mtandao. Inkscape ni ya bure, ya chanzo huria, na imekuwapo tangu 2003 ilipojitenga na programu iliyoitwa Sodipodi. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ukishaipakua mara moja haikudai akaunti wala intaneti, jambo ambalo kwa mtu anayenunua bando la wiki si dogo. Haina toleo la simu, na kwenye kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo faili nzito huifanya ijikokote.

Uchoraji na usafishaji. Hapa ndipo ilipo nguvu yake, na ndipo pia wageni wanapochoka mapema. Kwa jina letu, unaandika Khadija, unachagua amri ya Object to Path, na maandishi yanageuka kuwa kundi la mistari saba. Unalivunja kundi, unachagua herufi zote, kisha Union, yaani amri ya kuunganisha. Sasa ingia kwenye menyu ya View na uchague mwonekano wa Outline, ambao huondoa rangi zote na kubakiza mistari mitupu. Humo huwezi kudanganywa: kama bado kuna mstari unaokatiza mahali K inapokutana na h, utauona kama uzi mwembamba ndani ya herufi, na utajua kwamba zile mbili hazikugusana kiasi cha kutosha au muungano haukufanyika. Vitone unavishughulikia kwa kifaa cha nukta. Unachagua nukta za kitone cha i, unakivuta chini mpaka kiguse kichwa cha herufi, na unafanya hivyo kwa j, halafu Union tena. Wengine hupendelea kuchora kijiti chembamba kati ya kitone na herufi. Kwa manila nadhani kushusha kitone ni salama zaidi, kwa sababu kijiti cha milimita moja hukatika wakati wa kubandua.

Kufuatisha picha, yaani kuigeuza kuwa mistari, hufanywa kwa Trace Bitmap, na hapa nina kisa kilichonifunza adabu. Nililetewa nembo ya kikundi cha akina mama kwa WhatsApp, picha ndogo ambayo kingo zake zilikuwa na ukungu, nikaifuatisha na kuipeleka kwenye mashine moja kwa moja. Mashine ilianza kudundadunda kwenye mzunguko wa nembo kama gari kwenye barabara ya vifusi, na karatasi ikachanika. Nikabadilisha kisu. Ikachanika tena. Saa nzima baadaye ndipo nilipofungua faili na kuzitazama nukta: duara ambalo lingehitaji nukta nne lilikuwa na mamia, zimebanana kama punje za mtama, na kila punje ilikuwa amri ya kisu kubadili mwelekeo. Kisu hakikuwa na kosa. Amri ya Simplify, yaani Ctrl na L, hupunguza nukta hizo. Ibofye mara moja na utazame, maana ukiizidisha pembe kali zitaanza kuyeyuka na herufi zitavimba. Kwa duara na mraba sifuatishi tena. Nachora upya juu ya picha, na kazi huisha upesi kuliko kusafisha.

Kuna jambo lingine ambalo Inkscape hulifanya vizuri kuliko wengi wanavyojua. Ukifuatisha mchoro wa kalamu, ufuatishaji wa kawaida hutoa mistari miwili, mmoja kila upande wa wino, na mashine itakata ukanda mwembamba mahali ulipotaka mkato mmoja. Tangu toleo la 1.0, lililotoka 2020, ndani ya Trace Bitmap kuna chaguo la kufuatisha katikati ya mstari, ambalo hutoa mstari mmoja tu. Michoro ya hina iliyochorwa kwa mkono ni mfano mzuri wa kazi inayolihitaji.

Faili inayotoka. Lugha yake ya asili ni SVG, fomati iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti la W3C mwaka 2001, ambayo karibu kila programu ya kukata huifungua. Hutoa pia PDF, pamoja na DXF na HPGL nitakazozieleza mbele. Wapo waliotengeneza nyongeza ya kutuma kazi kutoka Inkscape moja kwa moja hadi mashine za Silhouette, lakini kwa Cricut hakuna njia ya mkato: faili lazima ipite Design Space.

Inamfaa nani. Mwenye kompyuta, mwenye subira ya wiki kadhaa za kujifunza, na anayetaka michoro yake ibaki mali yake hata akibadilisha mashine.

## Design Space ya Cricut

Gharama na mtandao. Programu yenyewe ni ya bure lakini inadai akaunti, na maktaba kubwa ya picha na fonti iko nyuma ya malipo ya kila mwezi au mwaka yanayoitwa Cricut Access. Inapatikana kwenye Windows, macOS, iOS na Android, na hiyo ya mwisho inaifanya iwe kimbilio la mtu asiye na kompyuta kabisa. Miradi huhifadhiwa kwenye seva za kampuni. Kwenye kompyuta unaweza kuhifadhi mradi kwa matumizi ya nje ya mtandao, ila kwa kazi ya kila siku programu hii huishi mtandaoni, na umeme au mtandao ukikatika utakumbuka hilo. Machi 2021 kampuni ilitangaza kwamba wasiolipia wangepakia picha 20 tu kwa mwezi; wateja walipinga kwa sauti kubwa na uamuzi ukaondolewa ndani ya muda mfupi. Silitaji kwa ajili ya lawama, bali kwa sababu linaonyesha wazi kwamba masharti ya kazi yako yanaweza kubadilishwa na mtu mwingine.

Uchoraji na usafishaji. Kwa kazi nyepesi hakuna njia fupi kuliko hii. Andika Khadija, punguza nafasi kati ya herufi mpaka ziguse, bofya Weld, na jina limeungana. Kwa vitone ongeza mstatili mdogo kutoka orodha ya maumbo, uusogeze mpaka uguse kitone na herufi, kisha Weld tena. Ukimaliza unaona mfano wa mkeka kabla kisu hakijashuka. Picha ya PNG nayo inapakiwa, unafuta mandharinyuma kwa kubofya, na programu inatengeneza mistari yenyewe.

Upungufu unaonekana pale mstari unapokuwa mbaya. Programu hii haikujengwa kwa ajili ya kuhariri nukta moja moja, kwa hiyo picha yenye kingo za ukungu itakatwa na ukungu wake, na dawa ni kuisafisha kwingine na kuirudisha. Jambo jingine linalowashtua wageni ni mpangilio. Usipotumia amri ya Attach, programu huvikusanya vipande kwenye kona ya mkeka ili kuokoa karatasi, na maneno uliyoyapanga kwa uangalifu hukatwa yakiwa yametawanyika. Nimemwona mtu akidhani faili yake imeharibika, kumbe vipande vyote vilikuwapo na kilichokosekana ni hiyo amri moja.

Faili inayotoka. Inapokea SVG, DXF, PNG, JPG, GIF, BMP na HEIC, lakini haitoi SVG. Kinachochorwa humo hukatwa na Cricut tu. Kwenye SVG inayoingia, maandishi lazima yawe yamegeuzwa kuwa mistari kwanza. Kumbuka pia kwamba mkeka wa inchi 12 haukupi inchi 12. Nafasi ya kukata ni inchi 11.5, yaani sentimita 29.2 hivi.

Inamfaa nani. Mwenye Cricut anayeanza, anayefanya kazi kwa simu, au anayetaka kumaliza kadi 50 za kipaimara jioni hii badala ya kujifunza uchoraji wa vekta, yaani wa mistari.

## Silhouette Studio

Gharama na mtandao. Toleo la msingi ni la bure, na juu yake kuna ya kulipia, yakiwemo Designer Edition na Business Edition, ambayo yamejulikana kwa leseni ya kulipwa mara moja badala ya ada ya kila mwezi. Ni programu ya Windows na macOS, faili zinakaa kwenye kompyuta yako, na kazi inaendelea hata bando likiisha.

Uchoraji na usafishaji. Inasimama katikati ya Inkscape na Design Space. Hata toleo la bure linakuruhusu kugusa nukta, kufuatisha picha na kuunganisha maumbo, kwa hiyo Khadija anakamilika humohumo: andika, unganisha, shusha vitone, tuma. Sehemu ya kufuatisha ina kitelezi cha kuamua giza gani lihesabiwe kuwa mchoro, na unaona matokeo yakibadilika unapokisogeza, jambo linalomfundisha mgeni maana ya ufuatishaji kuliko maelezo ya kurasa kumi. Si pana kama Inkscape kwa uchoraji mzito, lakini kwa kazi nyingi za kadi na stika sijaona upungufu wa kusumbua.

Faili inayotoka. Hapa pana ukuta ambao mnunuzi hutakiwa kuujua kabla ya kulipia mashine. Toleo la bure halifungui SVG. Kwa hilo unahitaji Designer Edition au la juu yake. Faili nyingi zinazouzwa au kugawiwa mtandaoni ni za SVG, kwa hiyo asiyelipia hulazimika kutafuta DXF au kufuatisha PNG upya. DXF ni fomati ya Autodesk iliyozaliwa na AutoCAD mwaka 1982 kwa ajili ya wahandisi. Inabeba mistari vizuri, lakini rangi za kujaza maumbo hazifiki, na ukubwa sharti uuhakikishe. Faili ya programu yenyewe huitwa STUDIO3 na haifunguki kwingine. Anayetaka kutoa SVG aangalie Business Edition.

Inamfaa nani. Mwenye mashine ya Silhouette, kama Cameo au Portrait, anayefanya kazi mahali ambapo mtandao haueleweki, na anayependa kurekebisha mstari mwenyewe bila kuhamia programu ya pili.

## CorelDRAW

Gharama na mtandao. Ni ghali kuliko zote, ama kwa malipo ya kila mwaka au kwa leseni ya kununua. Windows ndiko kwao, na tangu 2019 kuna tena toleo la Mac. Nakala zilizovunjwa zinazagaa, na si siri kwamba ofisi nyingi ndogo huziendesha. Mbali na suala la haki ya mwenye kazi, kompyuta moja yenye virusi ikiambukiza flashi za wateja wote wa wiki, punguzo hilo halitaonekana punguzo tena.

Uchoraji na usafishaji. Wenye mazoea ya duka la uchapaji wanafika haraka. Ctrl na Q hugeuza maandishi kuwa mistari, Weld huunganisha, na PowerTRACE hufuatisha picha. Kuna mwonekano wa Wireframe unaofanya kazi ileile ya kuvua rangi. Kinachoitofautisha ni ukurasa wenye kazi nyingi kwa pamoja: majina 40 ya fulana za timu yenye ukubwa tofauti, kila moja likiwa na mpaka wa nje wa rangi ya pili, hupangwa humo kwa utulivu ambao Design Space haina.

Faili inayotoka. Inatoa SVG, DXF, PDF, EPS na PLT. Hiyo ya mwisho ndiyo sababu ya CorelDRAW kutawala maduka ya stika, kwa kuwa plota (mashine za kukata za dukani) nyingi za Kichina zinazouzwa huku hupokea amri za HPGL, lugha iliyobuniwa na Hewlett-Packard kwa plota zake, na PLT ni faili ya lugha hiyo. Tahadhari moja ni ya fomati yake ya CDR: toleo la zamani haliwezi kufungua faili ya toleo jipya, hivyo unayempelekea umuulize anatumia toleo lipi kabla hujapanda daladala.

Inamfaa nani. Duka lenye plota, lenye wateja wanaoleta CDR kila siku, na lenye kazi ya kutosha kuirudisha gharama.

## Mawili yanayozihusu zote

La kwanza ni ukubwa. Programu hazikubaliani inchi moja ina pikseli ngapi. Illustrator, programu ya uchoraji ya Adobe, hutumia 72, Inkscape hutumia 96 tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017, na kabla ya hapo ilitumia 90. Jina la sentimita 10 lililotoka mahali pa 72 likifunguliwa mahali pa 96 bila vipimo halisi ndani ya faili, litakuwa sentimita 7.5. Kwa hiyo kila unapohamisha faili, soma upana ulioandikwa kwenye skrini kabla ya kugusa kitu kingine. Mimi huweka pembeni mraba wa sentimita 5 kama kipimo. Mraba ukifika na sentimita 5, vingine vyote vimefika salama, naufuta na kuendelea.

La pili ni picha za wateja. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza kingo zake, lakini ikitumwa kama dokyumenti hufika ilivyo. Ombi hilo la sentensi moja kwa mteja huokoa kazi kubwa ya kufuta nukta.

## Kulingana na hali yako

Kama una Cricut na simu pekee, Design Space haina mbadala wa maana, na hakuna aibu kubaki humo. Chagua fonti nene zinazoshikana zenyewe na uombe picha safi za PNG. Siku ukipata kompyuta, ongeza Inkscape, chora na kusafisha humo, kisha pakia SVG. Mchanganyiko huo ndio ninaoutumia mwenyewe, na ndio unaoniwezesha kubaki na faili asili kwenye flashi bila kujali akaunti inasemaje.

Kama una mashine ya Silhouette na unachora mwenyewe, toleo la bure litakutosha kwa muda mrefu. Ukiona unanunua SVG za watu kila mwezi, piga hesabu ya Designer Edition dhidi ya muda unaopotea kufuatisha upya, kwa sababu Inkscape inaweza kukugeuzia SVG kuwa DXF bila malipo, ila utafanya hivyo kwa kila faili na utahakikisha ukubwa kila mara.

Kama umerithi plota ya Kichina dukani na CorelDRAW imo tayari kihalali, sioni sababu ya kuhama. Anayeanza bila mtaji ajaribu Inkscape na HPGL kwanza, akijua kwamba kuipatanisha na plota, yaani mlango wa kuunganishia, kasi ya mawasiliano na vipimo vya ukurasa, kunaweza kula siku mbili kabla stika ya kwanza haijatoka sawa.

Kama unafundisha wengine, kwa mfano darasa la ufundi lenye kompyuta za aina tofauti, Inkscape ni ya bure na haifungamani na mashine yoyote, na kila mwanafunzi anaweza kuondoka nayo kwenye flashi bila kulipa wala kufungua akaunti. Waanzie kwenye mwonekano wa Outline. Mwanafunzi aliyekwisha kuona mistari mitupu haulizi tena kwa nini jina limetoka vipande vipande.

Na kama huna mashine kabisa, unachora nyumbani na kukatiwa dukani, chora kwa programu yoyote inayotoa SVG au PDF, geuza maandishi yote kuwa mistari, utume faili kama dokyumenti, na chini yake uandike upana kwa sentimita. Mwenye duka ataifungua kwa CorelDRAW, atalinganisha upana ulioandika na ule anaouona, na kama havifanani atakupigia kabla hajaipoteza manila yako.